Baiskeli ya Mume wa Wake Wawili

Siku niliyoiona kwa mara ya kwanza baiskeli isiyo na pedali, nilimhurumia mwenye nayo. Ilikuwa ya mtoto wa wageni wa Kijerumani, pale hotelini Diani nilipokuwa nikifanya kazi ya mashuka, kwenye miaka ya tisini ikielekea mwisho. Ilikuwa ndogo, ya mbao, magurudumu mawili tu, haina mnyororo wala pa kukanyagia, na mtoto mwenyewe hajatimiza miaka mitatu. Sisi wafanyakazi tulikubaliana kwamba wazazi wake wamepunjwa dukani. Mtunza bustani, ambaye alikuwa mtu wa huruma kupita kiasi, alimwendea baba mtu akamwambia kwamba Ukunda yuko fundi awezaye kuimalizia. Yule baba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza kwamba imeundwa hivyo makusudi: mtoto huketi, huisukuma ardhi kwa nyayo, na siku moja huinua miguu akaona haanguki. Kukanyaga atajifunza baadaye.

Hatukumwamini. Kesho yake nikiwa na rundo la mashuka mikononi, nilimwona yule mtoto akilizunguka bwawa la kuogelea, miguu juu, mdomo wazi, haanguki. Nilisimama pale mpaka msimamizi akaniita mara mbili. Sina wivu wa nguo wala wa dhahabu, lakini wivu wa mtoto ninao, tena mwingi. Wangu alikuwa na miaka miwili na nusu, na nilitaka naye aende hivyo.

Mume wangu alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akawa akiuza twiga na vifaru vya mbao karibu na lango la hoteli, akasilimu, akanioa, na kwa kuwa hatukuwa na pa kukaa, mama yangu akatupa chumba nyumbani kwetu Mwabungo. Kwao mwanamume anayekaa kwa wakweze husemwa kwamba ameolewa. Yeye alikuwa wa kwanza kulisema hilo, ili mwingine asimtangulie. Nilipomweleza habari ya baiskeli ile, na vipimo vyote nilivyomdodosa yule Mjerumani, alisema hiyo si kazi ya juma moja. Nyayo mbili zikanyage chini kwa ukamilifu, magoti yapinde kidogo, na isiwe nzito hata mtoto ashindwe kuiinua ikianguka. Basi ilimbidi kwanza ampime mtoto mguu.

Mtoto wa umri ule hasimami wima kupimwa. Mume wangu akangoja alale mchana, akamnyoosha juu ya mkeka, akachukua uzi akaulaza kutoka pajani hadi kisiginoni. Hapo ndipo mama yangu alipoingia na sahani ya mihogo. Kwetu, anayepimwa kwa uzi huku amelala ni maiti, anapimiwa sanda na kaburi. Mama hakupiga kelele. Aliiweka sahani chini, akauchukua ule uzi akautia jikoni ukaungua, akamfukiza mtoto ubani huku akimsomea, na kwa siku tatu hakumsemesha mkwewe ila kupitia kwangu, hata tukiwa wote watatu kwenye mkeka mmoja. Mwambie mumeo anipe chumvi. Nami namgeukia mume wangu, aliye karibu na chumvi kuliko mimi, namwambia mama anaomba chumvi. Nilifurahia siku hizo kuliko nilivyopaswa.

Baada ya hapo akawa anapima kwa hila. Mtoto akija kukikumbatia kinu, baba yake hukitia alama ya mkaa usawa wa kiuno chake. Ila kinu chetu kilikuwa kimeinama upande, kwa hiyo kiti kikatoka vidole viwili juu zaidi ya ilivyotakiwa. Isitoshe, mchongaji hajui kuacha mbao wazi. Palipotakiwa usukani tu, yeye akachonga kichwa cha twiga, na pembe zake mbili ndizo zikawa za kushikia. Magurudumu aliyakata mapana kwa ajili ya mchanga, akayavisha mpira wa tairi kuukuu. Ilikuwa nzuri sana na nzito kama mlango. Mara mbili nilimkuta akipatana bei yake na watalii, na mara mbili nikaitwaa.

Wiki ya pili ya twiga huyo ndipo mama mkwe wangu alipokuja. Hakuwahi kufika kwetu. Miaka ile watu wa bara waliiogopa pwani, na walikuwa na sababu, maana wenzao walifukuzwa huku, kwa hiyo mjukuu wake alikuwa amemwona kwa picha tu. Alishuka njia panda akiwa na kuku mmoja, mfuko wa pojo, na baiskeli ndogo ya chuma ya rangi ya buluu iliyofungwa kwa kamba za katani. Ilikuwa na kengele. Nilimshika mkono nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akanipita kama mlango ulio wazi akamfuata mtoto.

“Bwana yangu,” alimwambia. “Umekuwa mnono kuliko vile nilikuacha.”

Hapa yanipasa kueleza. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe, kwa utani, na kwao ni vivyo hivyo. Mama yangu alikuwa akimwita mwanangu mume wangu tangu siku aliyozaliwa, akimlalamikia kwamba hamnunulii leso wala hamleti samaki. Lakini mama mkwe alikuwa na hoja nzito zaidi. Mtoto huyo ana jina la babu yake, marehemu mumewe mwenyewe. Basi tangu siku ile ya kwanza tukawa na wake wenza wawili nyumbani. Mama yangu akadai yeye ndiye mkubwa, maana ndiye aliyemwogesha mume akiwa na saa moja duniani. Mama mkwe akajibu kwamba yeye aliolewa naye miaka thelathini kabla hajazaliwa. Mama akainuka akaenda kuangalia wali ambao haukuwa motoni bado.

Walikuwa wakichekesha. Jirani walikuja kukaa kwetu jioni kwa ajili yao tu. Huyu akimkunia mume madafu, yule anampikia uji wa wimbi. Huyu akimpaka mafuta ya nazi, yule anamfuta, kwamba mume wake anateleza. Mtoto akanenepa, akazidi kiburi, akawa anataka kulishwa kwa mikono miwili, mmoja kila upande.

Baiskeli ya buluu nayo ikapata yake. Mtoto alipopandishwa, miguu haikufika kwenye pedali, na mume wangu, aliyekwisha kuamini habari za Mjerumani kuliko Mjerumani mwenyewe, akatoa pedali, akatoa mnyororo, akashusha kiti mpaka mwisho. Mama mkwe alirudi kutoka kuoga akaikuta vile. Aliizunguka mara mbili, kisha akamwuliza mwanawe ni kwa nini ameikata miguu baiskeli iliyotoka salama Machakos. Alielezwa. Akaelezwa tena. Akasema haya, kwani kwao pia kuna watu waliosoma sana.

Sasa mtoto akawa na baiskeli mbili zisizo na pedali, na ikawa ni lazima kuchagua moja, maana akipewa zote mbili kwa pamoja alikuwa akizilaza chini na kuzilisha majani. Mama yangu alishikilia ya twiga: magurudumu mapana, tena mbao za nyumbani. Mama mkwe alishikilia ya buluu: ni nyepesi, ina kengele, na magurudumu yake membamba yameundiwa ardhi ya watu wa kweli, siyo huu unga mnaoukalia. Alipolisema hilo alipiga mguu chini, na mguu ukazama.

Siku ya tano, tukiwa tunakula, alisema kwa sauti ileile ya utani kwamba amekuja kumchukua mume wake waende nyumbani.

Nilicheka. Nilimwambia amchukue, ila ajue mume huyo anakojoa kitandani. Akasema hata yule wa kwanza alimaliza hivyo. Tukacheka wote, jirani wakapiga makofi. Baadaye akaniomba nimtolee miwani yake mkobani, nami nikakuta chini ya miwani sweta ya sufu, mpya, ndogo, ya kumtosha mwanangu barabara. Mwabungo hakuna mtoto avaaye sweta. Niliirudisha nilipoikuta, nikampelekea miwani.

Mambo hayo nayajua. Mtoto wa kwanza akishaacha ziwa, bibi akimtaka, hupewa. Wengi wamelelewa hivyo, kwao na kwetu, na hakuna aonaye kuwa ni ubaya. Mke mwenye adabu hamwambii mama wa mumewe hapana, tena mama aliyesafiri na kuku mapajani. Nilipomwuliza mume wangu, alisema mama yake anatania tu, na kama hatanii basi hayo ni mambo ya wanawake, akaenda kumchonga ndovu masikio. Mama yangu ndiye aliyeniudhi zaidi. Yeye alisema utani haukataliwi kwa maneno makavu, hujibiwa kwa utani. Na siku ya nane akaujibu.

“Mwenzangu,” alimwambia mama mkwe mbele ya watu, “kwa nini tugombane na mume yupo? Kesho baada ya alasiri tuziweke baiskeli zote mbili pale uani. Atakayoipanda, mwenye nayo ndiye mkewe, na akafuatane naye popote.”

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alisema, “Haya. Nimekubali.”

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilitaka kusema neno, na neno halikutoka, maana watu walikuwa wakicheka nami mwenyewe meno yangu yalikuwa nje. Mama yangu alikuwa na uhakika. Mtoto alikuwa na wiki tatu na twiga wake, anambusu pua kabla ya kulala. Lakini mimi asubuhi nilikuwa nimemwona amechutama mbele ya baiskeli ya buluu, akiigusa ile kengele kwa kidole kimoja, taratibu, na kila ikilia anatazama nyuma kuona kama kuna mtu wa kuichukua. Nilijua macho hayo. Ni yangu ya pale penye bwawa.

Basi siku ya pili, saa za Ijumaa, wanaume wako msikitini na wake wenza wawili wamelala adhuhuri kwenye mkeka mmoja wakikoroma kwa zamu, nilikwenda nyuma ya nyumba nikaichutamia baiskeli ya buluu. Nililegeza pale pa kutilia upepo, gurudumu la mbele kwanza. Upepo ulitoka ukilia, nami nikakohoa kuufunika. Nikahamia la nyuma. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia mkoromo mmoja umekatika, nikaacha vilevile nikajifanya naanua nguo, na kumbe nguo hazikuwapo kambani. Sikujuta hata kidogo. Nilijiambia mtoto ataisukuma, itagoma, ataiacha, na mimi sitakuwa nimemvunjia mtu heshima.

Baada ya alasiri wakaja watu. Baiskeli zikawekwa uani, na mtoto akaachiwa mlangoni na baba yake. Alimwendea twiga moja kwa moja, akambusu pua. Mama yangu akapiga kigelegele kabla ya wakati. Kisha mtoto akageuka, akaenda kwenye ile ya buluu, akaigonga kengele, akatazama nyuma. Hakuna aliyemkataza. Akapitisha mguu, akakaa.

Alisukuma mara moja, nami nikangoja igome. Haikugoma. Tairi zilijitandaza juu ya mchanga badala ya kuukata, na baiskeli ikaenda. Akasukuma tena, akasukuma tena. Ua wetu unateremka kidogo kuelekea kwenye mnazi wa pembeni, na alipofika pale unapoanzia mteremko aliinua miguu yake yote miwili, akaenda hivyo hewani, kimya, mpaka kwenye ua wa makuti. Nililia kwa furaha. Ndiyo furaha kubwa niliyoipata mwaka ule, na haikufika hata nusu dakika, kwa sababu nilikumbuka ahadi iliyowekwa, kwamba mwenye baiskeli ndiye amchukue.

Mama yangu alikuwa wa kwanza kusogea. Aliibonyeza tairi kwa kidole gumba, akamtazama mama mkwe kwa heshima ya kweli.

“Nani kakufundisha kutoa upepo?” alimwuliza. “Wachuuzi wetu wa samaki ndivyo wafanyavyo kwenye mchanga. Baiskeli ikijaa upepo hapa haiendi.”

Mtoto wa pwani mimi, niliyekua nikiwaona wachuuzi hao kila asubuhi ya maisha yangu, wakiinama kulegeza tairi zao kabla ya kuingia njia ya ufukweni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama mkwe alinitazama mimi, akatazama kamba ya nguo, akanitazama tena.

Watu walipoondoka niliingia chumbani nikaanza kukunja nguo za mtoto. Sikujua la kufanya jingine. Nilikunja suruali tatu, nikazikunjua, nikazikunja tena. Mama mkwe akaja akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akiwa amekwisha kujifunza kukaa mbali na meno yake.

“Ni wewe ulitoa upepo?”

Ningeweza kutania. Utani ulikuwa tayari, mdomoni kabisa. “Ni mimi, mama.”

“Ya nini?”

“Nilitaka ushindwe,” nilisema. “Sitaki mwanangu aende. Nilishindwa kukwambia, nikataka baiskeli ikwambie.”

Nilingoja anilaani. Alizitazama zile suruali. Kisha akasema kwamba kwa siku tano amekuwa akisema anataka mtoto, na watu wote wanacheka, mama yangu anacheka, mwanawe anacheka, na mimi nacheka kuliko wote, hata akaamini kwamba watu wa pwani hutoa watoto wao huku wakicheka. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza nyumba ile kumwambia hapana.

“Huyu bwana yako ni mtoto wangu wa kwanza,” alisema. “Mama ya bwana yangu alikuja kumchukua akiwa mkubwa tu kama huyu. Nilitaka kukataa. Sikujua vile nitakataa. Nikapika chapati za safari, nikacheka nao. Alirudi kwangu akiwa na miaka kumi, na mimi niko na wengine.” Akashusha pumzi. “Wewe umesikia vile ananiita?”

Nilikuwa nimesikia. Siku zote hizo mume wangu alikuwa akimwita kwa jina la mdogo wake, Mama Fulani, wala si mama tu, kama majirani wamwitavyo mwanamke kwa jina la mtoto anayekua mikononi mwake. Nilidhani ndiyo desturi ya kwao, na kwa kuwa sikutaka kuonekana mjinga sikuwahi kuuliza.

“Nilifikiri nikipewa huyu,” alisema, “nitakuwa nimerudishiwa.” Kisha akazichukua zile suruali kutoka mkononi mwangu akazirudisha sandukuni mwenyewe, moja moja, akizilainisha kwa kiganja. Sikuwahi kumpenda mama mkwe wangu kabla ya saa ile, niseme kweli. Nilimwogopa tu.

Aliondoka Jumapili. Uani walimuaga kwa utani, na mama yangu akamwambia aende salama, mume amebaki na mke mkubwa, naye akajibu kwamba talaka hajapewa. Tulimsindikiza hadi barabarani, mimi na mtoto na mume wangu. Gari lilipokuja mume wangu alimpakilia mfuko wa nazi, akamtafutia kiti cha dirishani, akamshika mkono kwa heshima, kichwa kimeinama.

“Safari njema, Mama Fulani,” alimwambia.

“Asante, baba,” akajibu, kwa uchangamfu, kama mtu aliyeitwa vyema.

Gari likaondoka. Mume wangu akabaki akilipungia mkono, anatabasamu, hajui lolote. Mimi nilikuwa nimempakata mwanangu, nami nilimkaza kifuani mpaka akaanza kujinyonganyonga na kunisukuma kwa viganja vyake viwili.

“Mama,” alisema, “waniumiza.”